Famadihana

Famadihana ni desturi ya kuwatoa wafu kaburini na kuwavika sanda mpya nchini Madagaska. Hufuatwa hasa na Wamerina na Wabetsileo wa nyanda za juu katikati ya kisiwa. Jina lake linatokana na neno la Kimalagasi lenye maana ya kugeuza, hivyo mara nyingi huelezwa kama "kugeuza mifupa".

Maana

Katika imani ya jadi ya Wamalagasi, wahenga (razana) bado ni sehemu ya ukoo. Wanaweza kuwaletea walio hai baraka au balaa, kwa hiyo kuwatunza ni wajibu. Famadihana hufanyika pia ili kumhamisha mtu aliyezikwa mbali na kumleta katika kaburi la ukoo wake. Kukosa nafasi katika kaburi hilo huhesabiwa kuwa msiba kuliko kifo chenyewe.

Utaratibu

Sherehe hufanyika katika miezi ya baridi na ukavu, hasa Julai hadi Septemba, mara nyingi kila baada ya miaka 5 hadi 7. Siku huchaguliwa na mnajimu (mpanandro). Kaburi la mawe hufunguliwa, mabaki hutolewa juu ya mikeka, kisha hufungwa kwa lambamena, yaani sanda ya hariri. Ndugu huzungumza na marehemu na kuwapa habari za ukoo. Halafu huwabeba mabegani na kucheza nao kuzunguka kaburi, huku muziki ukipigwa. Ni siku ya furaha, si ya matanga. Wageni hulishwa wali na nyama yenye mafuta. Wanawake wanaotafuta mtoto huchukua vipande vya mikeka. Kabla ya jua kuzama, wafu hurudishwa na kaburi hufungwa.

Mjadala

Gharama za sanda, chakula na wanamuziki ni kubwa, na familia nyingine huweka akiba kwa miaka. Baadhi ya Waprotestanti huipinga desturi hii, lakini Kanisa Katoliki huichukulia kuwa suala la utamaduni.

Suala lingine ni afya. Tauni bado ipo Madagaska. Mlipuko wa mwaka 2017 uliua watu zaidi ya 200. Kwa kuhofia maambukizi, serikali imeagiza waliofariki kwa tauni wasizikwe katika makaburi yanayoweza kufunguliwa tena. Kwa familia husika, agizo hilo humtenga marehemu na wahenga wake, jambo ambalo famadihana ilikusudiwa kuzuia.