Gego la nyuma likitoka, nani ataona? Mfupa utaona

Pengo la mbele hutamaliza nalo wiki. Utakopa, utauza simu, bora selfi zisikuaibishe. Lakini gego la nyuma? Uling'oa, ukatema damu, ukaenda zako. Sasa unatafunia upande mmoja na maisha yanasonga. Si hakuna anayeona?

Sikiza basi. Mfupa wa taya hukaa imara kwa sababu jino linaupa kazi kila unapotafuna. Jino likitoka, mfupa unaanza kuisha. Ndani ya miezi 12 upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa huenda katika miezi 3 ya mwanzo. Jino jirani nalo linainamia pengo.

Noma inaanza siku unapata doo ya implanti, ile skrubu ya titani inayopandwa mfupani kama mzizi, kisha jino linafungwa juu yake. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aligundua kuwa mfupa hushikana na titani, akamwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1965. Skrubu ya kawaida ina milimita 10 au zaidi. Lakini huko nyuma nafasi ni finyu: juu ya magego kuna uwazi wenye hewa, na ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu. Kama mfupa umeisha, unaambiwa upandikizwe mwingine kwanza. Upasuaji zaidi, miezi zaidi, pesa zaidi.

Hapo ndipo implanti fupi zinaingia, za milimita 8 kushuka hadi 6 hivi. Mfupa mdogo uliobaki unaweza kuzitosha bila kupandikiza. Kwa mgonjwa anayefaa, tafiti za miaka 5 zinaonyesha zinadumu karibu sawa na zile ndefu.

Lakini si uchawi. Sigara, kisukari kisichodhibitiwa, kusaga meno usiku na uvivu wa kupiga mswaki vinaweza kuiangusha implanti yoyote, fupi au ndefu.

Kwa hivyo usikimbilie bei ya chini uliyoona mtandaoni. Hakikisha daktari wako yuko kwenye sajili ya KMPDC, halafu muulize maswali matatu. Mfupa wangu umebaki milimita ngapi kwenye picha? Implanti fupi inanifaa, na kama hainifai, kwa nini? Bei hii ni ya skrubu pekee ama pamoja na jino la juu?

Mfuko ukikataa, kuna daraja na meno ya kuvaa na kuvua. Yatakusaidia kutafuna, ila hayazuii mfupa kuisha.

Na kama gego bado liko mdomoni linakuuma, uliza kwanza kama linaweza kutibiwa mzizi badala ya kung'olewa. Likishatoka, saa ya mfupa imeanza kuhesabu, na haingoji mwisho wa mwezi.