Kalamu ya Kupimia pH: Kabla Hujainunua, Jua Inapima Nini

Shangazi yangu aliletewa zawadi na mwanawe: kidude cha manjano, mfano wa kalamu nene, cha kupimia pH. Alikichovya kwenye ndoo ya maji ya kisima kikaandika 7.2. "Waona, mwanangu," akaniambia, "maji yetu mazuri. Kuanzia leo sichemshi tena."

Nilimwomba asizime jiko kwanza. Nikakamua ndimu mbili kwenye kikombe, nikachovya kalamu ile ile. Ikaandika 6.9. Maji ya ndimu yanafaa kusoma karibu na 2. Kalamu ilikuwa mbovu, na hata ingekuwa nzima, isingemwambia kile alichotaka kukijua.

Vidude hivi sasa vimejaa madukani na mitandaoni, na wengi wetu tunavinunua kwa ajili ya visima, bustani, matangi ya samaki na achari. Basi tuelewane.

pH ni nini?

Ni kipimo cha ukali wa asidi au wa alikali, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 0 hadi 14. Saba ni katikati. Chini ya hapo ni uchachu, kama ndimu na siki. Juu yake ni alikali, kama magadi na maji ya jivu. Kila hatua moja ni mara kumi: kitu chenye pH 5 kina asidi mara kumi kuliko chenye 6.

Kalamu ya pH haioni vijidudu wala haipimi chumvi. Kisima kilicho karibu na shimo la choo kinaweza kusoma 7.2 na bado kikaleta kipindupindu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Hapo ndipo pH inaposaidia kidogo: klorini hupungua nguvu pH ikipita 8, kwa hivyo mwenye kisima akijua kipimo chake anajua kama dawa itafanya kazi sawasawa.

Wapi kinafaa nyumbani?

Kwanza, bustani. Ardhi ya mwambani, yenye mawe ya matumbawe, mara nyingi ni ya alikali. pH ikipanda sana mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani machanga yakawa manjano huku mishipa imebaki kijani. Wengi wetu tukiona hivyo tunamwaga jivu. Jivu nalo ni alikali, kwa hivyo tunazidisha maradhi. Pima kwanza.

Pili, achari na vyakula vya chupa. Chakula kinachowekwa muda mrefu ndani ya chupa iliyofungwa kinatakiwa kiwe chini ya pH 4.6, maana juu ya hapo kijidudu cha sumu ya botulizimu kinaweza kukua. Toa kijiko kimoja, kisage, kipime pembeni, kisha ukimwage.

Tena kazi hii ya malimau ndiyo asili ya chombo chenyewe: mnamo 1934 mkemia Arnold Beckman wa California alitengeneza kipima pH chake baada ya rafiki yake kuhitaji kupima uchachu wa maji ya malimau.

Kuchagua

Usidanganywe na tarakimu nyingi. Kalamu inaweza kuandika 7.23 na bado ikakosea kwa 0.2. Tafuta paliposemwa usahihi. Kwa kazi za nyumbani, tofauti ya 0.1 inatosha. Hakikisha inakubali kurekebishwa kwa vipimo viwili au zaidi, na kwamba inajirekebisha kulingana na joto la maji. Bora zaidi ni ile ambayo kichwa chake cha kioo kinabadilishwa, kwa sababu kioo hicho huchakaa, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au miwili, hata ukikitunza.

Pia uliza kama muuzaji ana maji ya kurekebishia na maji ya kuhifadhia. Bila hayo, umenunua pambo.

Kutunza

Kichwa cha kioo hakitakiwi kukauka. Weka matone ya maji ya kuhifadhia, yenye chumvi ya potasiamu kloridi, ndani ya kifuniko, na uisimamishe kalamu. Usiihifadhi kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Hayo ni ya kuoshea tu, na usiyachanganye na asidi ya betri. Ukiona chumvi nyeupe imeganda pembeni, usishtuke. Ioshe.

Rekebisha kabla ya kupima jambo la maana. Anza na maji ya pH 7, kisha 4 ikiwa unapima achari, au 10 ikiwa unapima kisima cha mwambani. Mimina kidogo kwenye kikombe, na ukimaliza yamwage, usiyarudishe chupani. Ya 10 huharibika upesi yakiachwa wazi.

Baina ya kipimo na kipimo suuza, kisha gusisha tishu taratibu bila kusugua. Kwa udongo, usidunge kalamu ardhini, kioo kitavunjika. Changanya kipimo kimoja cha udongo na kimoja cha maji yaliyotoneshwa, koroga, acha nusu saa, upime maji ya juu.

Kalamu iliyokauka iloweke usiku mzima kwenye maji ya kuhifadhia, kisha uirekebishe. Ikiwa bado inasoma karibu na 7 kwa kila kitu, huenda kioo kimepasuka. Hiyo imekwisha.

Ya shangazi tuliiloweka, asubuhi tukaijaribu tena kwenye ndimu: ikaandika 6.9 vile vile. Sasa wajukuu wanaichezea. Na sufuria ya maji, alhamdulillahi, bado iko jikoni inachemka.