Kuitambua Kuvumwani

Apitaye kwenye majabali ya Kit Mikayi, magharibi ya Kisumu kando ya njia iendayo Bondo, huyaona mawe yametapakaa mabaka ya kijivu, ya manjano na ya rangi ya chungwa, naye aghalabu hudhani kuwa ni kutu ya jiwe au kinyesi cha ndege, ilhali mengi kati ya mabaka hayo ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioshirikiana maisha, huyu akitoa makazi na yule akitengeneza chakula kwa nuru ya jua, kama alivyobainisha mwanazuoni wa Uswisi, Simon Schwendener, katika miaka ya 1860.

Anayeanza kujifunza taaluma hii hupotoshwa kwanza na rangi. Ngozi ya juu ya kuvumwani, ikilowa, huruhusu ukijani wa mwani uliomo ndani kuonekana, hata baka lililokuwa la kijivu adhuhuri likawa la kijani baada ya mvua ya alasiri. Kwa hiyo hukumu yafaa itolewe likiwa kavu, na itangulie sura kabla ya rangi. Je, ni ganda lililogandamana na jiwe hata kisu kisipite chini yake, au ni jani liwezalo kunyanyuliwa kwa ukucha, au ni kichaka na ndevu zining'iniazo tawini?

Baada ya sura, shika kioo cha kukuzia. Katika jamii ya Parmotrema, yenye majani mapana ya kijivu yapendayo magome ya miti, Parmotrema tinctorum ina vijiti vidogo sana vilivyoota juu ya jani, ilhali Parmotrema austrosinense ina unga pembezoni. Ukikwangua ngozi kwa wembe hadi kwenye nyama nyeupe na kudondosha tone la jiki, zote mbili huwa nyekundu. Bali Parmotrema reticulatum, nayo yenye unga pembezoni, haibadiliki kwa jiki, lakini kwa hidroksidi ya potasi huwa manjano, kisha nyekundu. Njia hii ya dawa ilianzishwa na William Nylander mwaka 1866, na asili ya wekundu uletwao na jiki ni tindikali za aina ile ile iliyowafanya watia rangi wa Ulaya wayatafute marere ya pwani yetu, yaani kuvumwani za kutolea rangi, yaliyosafirishwa kutoka Unguja katika karne ya 19.

Mwenye kukusanya na achukue kipande kidogo kutoka gome la mti, akihifadhi katika bahasha ya karatasi wala si ya plastiki, na aandike mti, mahali na tarehe. Majabali ya Kit Mikayi ayaache salama, kwani ni mahali pa ibada. Kitabu cha Swinscow na Krog cha mwaka 1988 kuhusu kuvumwani kubwa za Afrika Mashariki kitamwongoza, na hazina ya mimea iliyokaushwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, itamsaidia kulinganisha. Asiyekuwa na dawa wala kioo aandike jina la jamii pekee, kwa maana jina pungufu lililo sahihi lina manufaa kuliko jina kamili lisilo na ithibati.