Moyo Ulio Upande wa Kulia

Siku ukipasua kuku jike kwa kitoweo, tazama lile fungu la mayai machanga. Liko upande wa kushoto tu. La kulia huacha kukua kifaranga akiwa bado ndani ya yai. Nasi wanadamu, kwa nje tumelingana, lakini ndani sivyo. Ncha ya moyo huelekea kushoto, ini liko kulia, bandama kushoto.

Hata hivyo, mtu mmoja hivi kati ya 10,000 huzaliwa viungo vyote vimegeuka, kama sura katika kioo.

Miaka mingi iliyopita mama mmoja alimleta wodini mwanawe wa miaka sita, aliyekohoa makohozi tangu uchanga. Alikuwa amekwisha kupewa dawa za kifua kikuu mara mbili, ingawa vijidudu havikuonekana katika kipimo. Picha ya eksirei ilipoletwa tuliigeuza, tukidhani imetundikwa kinyume. Alama ya pembeni ikatuumbua: picha ilikuwa sawa, moyo ndio uliokuwa kulia. Bibi yake akanong'ona habari za kurogwa.

Hakuna aliyemroga. Mimba ikiwa na wiki tatu hivi, vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto. Ndivyo mwili unavyotambua pande zake. Wataalamu wa Japani walionyesha jambo hili kwa panya mwaka 1998. Vinyweleo vikiwa na hitilafu, viungo huenda huku au kule kwa bahati tu. Na vinyweleo vya jamii hiyohiyo ndivyo vinavyofagia makohozi kutoka mapafuni! Ndiyo sababu mtoto yule hakuponywa na dawa za kifua kikuu. Alihitaji mazoezi ya kutoa makohozi kila siku, na kutibiwa mapema kila apatapo homa ya kifua.

Wengi waliogeuka viungo vyote ni wazima kabisa. Lakini moyo ukiwa kulia peke yake, mara nyingi una kasoro. Mtoto apimwe bila kuchelewa.

Kila daktari aambiwe. Kidole tumbo cha mtu wa namna hii kwa kawaida huuma kushoto, na asiyejua anaweza kungoja mpaka kipasuke. Kadi ya kliniki ya mtoto yule niliiandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa: MOYO KULIA, INI KUSHOTO. Nikamwambia mama asiipoteze.