Kuvuta gari kwa bari ya chuma: kabla ya kuvuta, uliza nani atasimamisha



Mimi ni agronome, si mekanisiye. Lakini wengi wetu tukimaliza shule tunapata kazi za kutembea mashambani: kupeleka mbegu, kupima mashamba, kufuata vikundi vya wakulima. Mvua ikinyesha, barabara ya Nyunzu, ya Bendera au ya Moba inakuwa tope, gari inazimika mbali na garaji, na mwenye kubaki pale pamoja na shofere njo mimi na wewe. Gari ingine ikipita na kukubali kutuvuta, wote wanauliza: "Iko na nguvu ya kutosha?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: tukifika kwenye mteremko, nani atatusimamisha?

Kamba inajua kazi moja tu, kuvuta. Gari ya mbele ikipunguza mwendo, kamba inalegea, na ya nyuma inaendelea kuja. Tena ile ya nyuma motere imezima. Katika magari mengi madogo, motere njo inasaidia mguu wako kwenye freni. Ikizima, unakanyaga mara mbili au tatu, msaada unaisha, pedali inakuwa ngumu. Freni haijafa, lakini inataka nguvu nyingi na gari inakawia kusimama. Usukani nao unakuwa mzito. Halafu kamba iliyolegea ikikazwa ghafla inaweza kukatika, na ikiwa ni kebo ya chuma, inarudi kama fimbo juu ya watu waliosimama karibu.

Bari ni chuma kigumu kinachounganisha gari mbili. Inavuta, na pia inazuia: umbali kati ya gari haubadiliki. Sisi wa agronomia tunaijua kazi hiyo kwa trakta. Hakuna anayefunga rimoki ya mahindi kwa kamba. Inafungwa kwa chuma na pini, kwa sababu kwenye mteremko rimoki inasukuma. Bari haiondoi msukumo huo. Inaupeleka mbele, kwa hiyo freni za gari ya mbele zinabeba uzito wa gari mbili. Ndiyo maana gari inayovuta inapaswa kuwa nzito kuliko inayovutwa, au walau kulingana nayo. Land Cruiser inaweza kuvuta Corolla. Corolla ikivuta Land Cruiser, kwenye mteremko itasukumwa mpaka mkia wake uende pembeni.

Kuna bari za namna mbili. Ile iliyonyooka inataka mtu ashike usukani wa gari ya nyuma. Ile ya pembe tatu, inayofungwa pande mbili mbele ya gari inayovutwa, inaongoza magurudumu yenyewe. Bari ya kiwandani huwa imeandikwa uzito inaoweza kuvuta, usiupite. Ile iliyochomelewa mtaani, itazame kwenye viungo: ikiwa na ufa, au imepinda, iache.

Sasa kufunga. Tafuta pete ya kuvutia ya gari. Katika gari nyingi ndogo pete hiyo inawekwa pamoja na jeki, na unaikaza ndani ya tundu lililofichwa na kifuniko kidogo kwenye parshoki. Usifunge kwenye parshoki yenyewe wala kwenye vyuma vya magurudumu, vitang'oka. Bari ilale sawa iwezekanavyo, isipande sana upande mmoja. Pini iwe na kizuizi chake ili isichomoke. Msumari uliopindwa si kizuizi. Ukipata mnyororo, uongeze pembeni, ulegee kiasi cha kuruhusu kona. Wakati wa kufunga, gari zote mbili ziwe zimesimama na zimezuiliwa, na mtu asisimame katikati gari ya mbele ikirudi nyuma.

Wa nyuma awe mtu anayejua kuendesha, si kijana wa kusukuma. Aache ufunguo ndani, aufungue mpaka usukani uwe huru. Akiutoa, usukani unaweza kujifunga kwenye kona ya kwanza. Vitesi viwe huru, freni ya mkono ishushwe. Awashe taa za hatari. Betri ikiwa imekufa, afunge kitambaa chekundu nyuma. Wakubaliane alama za klaksoni au za mkono kabla ya kuondoka. Abiria wote washuke kwenye gari ya nyuma, hata mama mwenye mizigo.

Kuna gari zisizovutwa hivi. Ikiwa freni au usukani umeharibika, bari iliyonyooka haitoshi. Pakia gari juu ya lori. Ikiwa ni otomatiki, bwati ya vitesi inapakwa mafuta na pampu inayozungushwa na motere. Motere ikizima na magurudumu yanayosukuma gari yakazunguka chini, bwati inakauka na kuungua. Gari ya kuvuta kwa magurudumu manne nayo, soma kwanza kitabu chake.

Mwendo uwe mdogo, kama 20 kwa saa kwenye barabara zetu. Ukienda 40, mwendo umezidi mara mbili, lakini nguvu ambayo freni inapaswa kumaliza imezidi mara nne. Na usiku msivute.

Kwa nini agronome anaandika haya? Kwa sababu karatasi ya misioni iko mfukoni mwetu. Shofere anaweza kuwa na umri wa baba yako, na anaijua barabara kukupita, lakini anageuka na kukuuliza: "Shefu, tunaenda?" Anajua kwamba mbegu zinangojewa na bosi anapiga simu. Ukisema ndiyo, ataenda, hata kwa kamba, hata giza likiingia. Kwa hiyo sema wewe: "Baba, leo tunalala hapa, kesho tutafute bari." Kijiji kitatupa mkeka, na mbegu zitafika kesho yake.

Wenye kujua zaidi, hasa mashofere na mafundi mnaotusoma, ongezeni.