Rekodi sita za ukimbizi, kuanzia Usambara hadi Kigoma

Ukisimama Irente wilayani Lushoto, Mazinde na Mombo ziko chini ya miguu yako. Kusini zaidi, ukishaipita Korogwe, ndiyo Handeni. Mkoa huu wa Tanga una nafasi yake katika historia ya wakimbizi nchini Tanzania, historia yenye rekodi nyingi. Hizi hapa sita. Nimeiweka mwisho ile ninayoiona kubwa kuliko zote.

1. Kimbilio la kale zaidi: Milima ya Usambara

Simulizi za Wambugu zinaeleza kwamba wazee wao walitoka kaskazini wakiwakimbia Wamasai, wakapanda na ng'ombe wao hadi kwenye misitu ya Usambara. Huko walipata malisho na ujirani wa Washambaa, na lugha yao haikufa. Wataalamu wa isimu wanaijua vizuri: sarufi yake ni ya Kibantu, karibu sana na Kipare, lakini sehemu kubwa ya maneno yake ina asili ya Kikushi.

2. Safari ndefu zaidi ya kurudi: Chogo, Handeni

Miaka ya 1830, ukame na njaa viliwafikisha Wazigua wengi pwani, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani Benadir, Somalia. Waliofanikiwa kutoroka walijificha katika misitu ya bonde la Mto Juba, wakalima, wakawalea watoto wao kwa Kizigua. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walikimbilia nchi ya mababu. Walihifadhiwa Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakaanza kuhamishiwa makazi ya Chogo kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi (UNHCR). Serikali iliwapa ardhi na kuwafungulia njia ya uraia. Kutoka kuuzwa hadi kurudi ilipita zaidi ya karne moja na nusu.

3. Waliotoka mbali zaidi: Tengeru, Arusha

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti hadi Siberia na Kazakhstan walipitia Iran, wakavuka bahari, wakafika Afrika Mashariki. Kuanzia 1942, takriban 5,000 waliishi Tengeru, makazi makubwa kuliko yote ya Wapolandi barani Afrika. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Makaburi yao bado yanatunzwa hapo.

4. Umati mkubwa zaidi kwa siku moja: Rusumo, Ngara

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania katika muda wa saa 24 hivi. UNHCR haikuwa imewahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi hiyo. Kambi ya Benaco, walikohifadhiwa, ikawa miongoni mwa kubwa kabisa duniani, na maji, mahindi, maturubai na vyoo vikawa mambo ya kufa na kupona.

5. Kambi iliyobeba mzigo kwa muda mrefu: Nyarugusu, Kasulu, Kigoma

Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia Kivu Kusini. Mwaka 2015 machafuko ya Burundi yaliipandisha hesabu yake hadi zaidi ya watu 150,000, mpaka Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena kuipunguzia msongamano. Waliozaliwa humo mwanzoni sasa ni wazazi, na bado wako kambini. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae katika maeneo yaliyotengwa, kwa hiyo wafadhili wakipunguza fedha, mgao wa chakula hupungua na mkimbizi hana shamba la kuziba pengo hilo.

6. Uraia kwa watu wengi zaidi: Katumba, Mishamo na Ulyankulu

Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba katika makazi haya matatu ya Katavi na Tabora. Walilima mahindi, maharage na tumbaku, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe. Kwa jinsi nchi ilivyowapokea wakimbizi, Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen ya UNHCR mwaka 1983. Mwaka 2014 Tanzania ikawapa uraia watu zaidi ya 162,000, wakimbizi hao pamoja na watoto na wajukuu wao. UNHCR inakitaja kitendo hicho kuwa cha aina yake duniani kwa ukubwa.

Hii ndiyo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote. Turubai na unga huokoa maisha ya wiki hii, na lazima vifike kwa wakati. Lakini Katumba na Chogo zinaonyesha kwamba aliyepewa jembe, ardhi na haki ya kutembea huacha kuhitaji mgao. Watoto wa Nyarugusu nao wanastahili nafasi hiyo: kurudi kwao kwa hiari pakiwa na amani, au kuishi hapa wakifanya kazi kwa jasho lao. Nchi iliyowahi kufanya hivyo kwa watu 162,000 haiwezi kusema jambo hilo haliwezekani.