Ubao wa Maktaba Yetu

Wengi wenu bila shaka mnadhani kwamba maktaba ni nyumba ya vitabu na kimya tu. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka likizo ya Agosti mwaka jana, nilipopata hasara.

Katika mji wetu iko maktaba ya serikali. Hapa Kenya sheria ya Huduma ya Maktaba ya Taifa ilitungwa mwaka 1965, na kazi kubwa ilikuwa kuwafikishia watu vitabu. Huko Garissa tangu 1996 hata ngamia walibebeshwa masanduku ya vitabu kuwapelekea wafugaji. Lakini siku hizi mengi anayoyatafuta mwanafunzi yamo katika intaneti, na huko hakuna mtu wa kukaa mlangoni.

Kwa hiyo mtunza maktaba wetu ameweka ubao. Upande wa kulia ni habari za mji: siku maji yatakapokatwa, chanjo ya watoto, baraza la chifu, na vitambulisho vilivyookotwa kituo cha mabasi. (Upande huu ndio wenye wasomaji wengi, hasa wazee.) Upande wa kushoto ni tovuti, hazizidi kumi na mbili, na kila moja imeandikiwa inafaa kwa kazi gani. Iko Khan Academy, ya hesabu na sayansi, bila malipo. Iko African Storybook, yenye hadithi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kimo. Wikipedia ya Kiswahili imo pia, pamoja na onyo kwamba yeyote aweza kuiandika, basi msomaji atazame habari imetoka wapi.

Sasa hasara yangu. Nilikuwa natafuta msaada wa karo, nikaona tovuti yenye jina zuri na picha ya bendera. Ilitaka shilingi 1,500 za kujiandikisha. Nilizituma kwa simu. Zilikuwa fedha alizonipa mama ninunue viatu. Kesho yake tovuti haikufunguka tena.

Nilipomweleza mtunza maktaba hakunicheka. Alinikalisha, akanifundisha kusoma anwani kuanzia mwisho wake. Hapa kwetu .go.ke ni ya serikali, .ac.ke ni ya vyuo, .sc.ke ni ya shule, na .co.ke ni ya makampuni. Ile yangu iliishia .com, ambayo mtu ye yote duniani aweza kuinunua. Lakini akanionya nisitegemee mwisho peke yake, kwa maana HELB, bodi ya serikali inayokopesha wanafunzi wa vyuo, anwani yake ni helb.co.ke, kama ya duka. Ndiyo sababu yeye huifungua kila anwani mwenyewe, na penye shaka huwapigia simu wenyewe kabla ya kuiandika. Kila Jumatatu huzijaribu zote tena, iliyokufa huifuta.

Siku ile alichukua kalamu nyekundu, akaandika jina la tovuti iliyonila chini kabisa ya ubao, na neno HATARI. Jina langu hakuliweka. Fedha hazikurudi. Viatu ni vile vile vya zamani, na mama anajua kwamba duka halikuwa na namba yangu.